Fleti nane kwenye mteremko wa Newala: bonde lionekane, mchanga ubaki

Swali: Nina kiwanja Newala, si mbali na ukingo wa uwanda, upana mita 30 na urefu mita 40. Barabara iko juu, upande wa mashariki. Kutoka barabarani hadi mpaka wa chini ardhi inashuka mita 8, na ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma na milima ya upande wa pili. Nataka kujenga fleti 8 za kupangisha na kila moja iwe na mandhari hiyo. Mkandarasi anashauri tusawazishe kwanza: tuchimbe juu, tujaze chini, tumwage jamvi moja, kisha tupandishe sakafu tatu. Fundi mwingine anasema mchanga wa huku hauna shida, nisiogope. Nimsikilize nani?

Jibu: Usimsikilize yeyote kati yao moja kwa moja. Mkandarasi anatatua tatizo ambalo huna. Ardhi yako inashuka mita 1 kwa kila mita 5, na mteremko huo ndio unaokupa mandhari bure, kwa sababu aliye nyuma anatazama juu ya paa la aliye mbele. Ukiusawazisha, unalipa pesa kuondoa kile ulichonunulia kiwanja. Fundi naye kasema nusu ya ukweli. Mchanga mwekundu wa uwanda wa Makonde hauna shida ukiwa mkavu. Ukilowa ni habari nyingine, kwa hiyo kabla hujachora sebule wala baraza, jua maji yatapita wapi.

Anza na udongo. Chimba mashimo matatu ya majaribio: juu, katikati na chini ya mahali jengo litakapokaa. Kiangazi utaona kuta za shimo zinasimama wima, safi, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kinachoshika chembe za mchanga huo ni mfinyanzi kidogo na madini ya chuma yaliyokauka katikati yake. Kwa kisu, kata bonge la ukubwa wa ngumi kutoka kina cha mita moja hivi, usilifinye, ulishushe taratibu kwenye beseni la maji, kisha tazama saa. Likikaa nusu saa bado zima, udongo wako una gundi ya kutosha. Likianza kutoa mapovu, pembe zikamong'onyoka na ndani ya dakika chache likalala chini kama uji, umeona kwa macho yako kitakachotokea chini ya msingi siku bomba litakapopasuka. Jaribio la beseni halichukui nafasi ya maabara. Mhandisi wako atapima uwezo wa udongo kubeba mzigo, lakini mwambie kabisa kwamba unataka pia kipimo cha kudidimia: udongo uwekewe mzigo, uloweshwe, ionekane umeshuka kiasi gani. Hicho cha pili husahaulika, na kwa mchanga wa aina hii ndicho chenye habari.

Shimo lolote likizidi mita 1.2, kuta zilazwe au zizuiwe kwa mbao kabla mtu hajaingia. Mchanga uliosimama wima asubuhi unaweza kumfukia mtu mchana, na hautoi onyo.

Siku hiyohiyo teremka chini ya kiwanja utafute makorongo. Korongo hukua kwa kurudi nyuma: maji yanadondoka kichwani mwake, yanakula chini, ukingo unaanguka, kichwa kinapanda mlima. Ukilikuta, pigilia vigingi mita 2, 4 na 6 kutoka kichwani kabla ya mvua, halafu rudi kuvihesabu masika yakiisha. Kigingi kimoja kikiwa kimekwenda, kazi yako ya kwanza ni korongo, jengo baadaye. Kuhusu ukingo wenyewe wa uwanda, kanuni inayotumika sana kwa mteremko mkali ni msingi kukaa mbali na ukingo angalau theluthi moja ya kimo cha mteremko huo. Kwa genge refu kama la Shimo la Mungu hapo Newala kanuni hiyo haina maana tena, na umbali salama aupange mtaalamu wa miamba na udongo baada ya kufika na kukagua. Nachukulia kwamba kiwanja chako hakijafika huko.

Mkato kwanza, ramani ya vyumba baadaye

Kwenye mteremko, mchoro wa kwanza uwe wa mkato: jengo lililopasuliwa kutoka barabarani hadi bondeni. Mpe mpima ardhi kazi ya kuchora kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu za ardhi zenye kimo kimoja, za kila nusu mita. Bila hizo msanifu anabahatisha, na kosa lake utalilipa wewe kwa zege.

Kwa vipimo vyako, ningepanga hivi. Jengo liwe na upana wa mita 24, likibakiza mita 3 kila upande (halmashauri ithibitishe umbali huo), na kina cha mita 15 kutoka mbele hadi nyuma. Acha mita 12 kati ya barabara na mgongo wa jengo, na mita 13 chini yake. Ndani ya mita 15 ardhi inashuka mita 3, ambazo ni urefu wa sakafu moja. Hapa ndipo faida ilipo. Sakafu ya chini iinue mita 1 juu ya ardhi upande wa bonde, ikae juu ya nguzo na slabu inayoning'inia, isikae juu ya kifusi. Kwa hesabu hiyo, nyuma utachimba mita 2 tu. Sakafu ya kati itakuwa mita 1 juu ya ardhi ya nyuma, na ukitoka mita 5 kuelekea barabarani ardhi imeshaifikia. Weka daraja la mita 5. Mpangaji anatoka barabarani, anashuka ngazi 9 fupi, anavuka daraja na kuingia sakafu ya kati. Wa chini anateremka ngazi za sakafu moja, wa juu anapanda za sakafu moja. Jengo lina sakafu tatu lakini hakuna anayepanda mbili, hata mwenye ndoo ya maji kichwani. Ukitaka kiti cha magurudumu kifike, mita 1.4 zilizobaki hadi barabarani zinahitaji njia ya mlalo wa 1 kwa 12, karibu mita 17, iliyopindishwa mara moja.

Sasa linganisha na ushauri wa mkandarasi. Uwanja wake wa mita 24 kwa 20 unachimbwa mita 2 upande wa juu na kujazwa mita 2 upande wa chini. Kuchimba kwake ni nusu ya 2 × 10 × 24, sawa na mita za ujazo 240. Mpango wa daraja nao unachimba pembetatu ileile ya mita 10 kwa 2, yaani 240. Kwa hiyo hapunguzi hata lori moja la kuchimba. Tofauti ni kwamba nusu ya jengo lake inakaa juu ya mchanga uliomwagwa, tena nusu ya upande wa bonde, na mchanga huo nao unahitaji ukuta wake wa kuuzuia usiteleze. Ufa wa majengo ya namna hiyo unajulikana ulipo: unafuata mstari pale udongo wa asili unapokutana na kifusi, unapanda kwenye kuta za vyumba vya katikati, na kuupiga plasta kila mwaka hakuuponyi. Hata ukishindilia tabaka za milimita 150 kwa mashine na maji ya kipimo, misingi ya nguzo ilipaswa kupita kifusi na kufika udongo wa asili. Sasa kwa nini ukimwage?

Udongo uliochimbwa hutanuka. Zile mita 240 zitakuwa karibu 290 zikiwa kwenye lori, takriban safari 41 za lori la mita 7. Zipangie mahali mapema. Zisimwagwe ukingoni kwa sababu eti ni karibu. Kifusi kisichoshindiliwa juu ya mteremko ndicho chakula cha kwanza cha korongo, na mvua ya pili kinaweza kuwa uani kwa jirani.

Misingi ya nguzo itakuwa ya ngazi. Mstari unaounganisha ukingo wa msingi wa juu na ule wa chini usizidi digrii 45, na kwa mchanga laini bora uwe nusu ya hapo, la sivyo msingi wa juu unamsukuma wa chini. Zifunge nguzo zote kwa bimu za ardhini pande mbili, na hasa zile ndefu za mbele. Ukubwa wa nondo ni kazi ya mhandisi, si ya kunakili kwenye jengo la jirani.

Ukuta wa nyuma

Ukuta huu uwe peke yake, usiwe ukuta wa chumba. Kati yake na jengo acha mita 2.4 za wazi: mita 1.5 zikiwa korido ya kuingilia fleti za chini, na sentimita 90 zilizobaki kando ya korido zisifunikwe, ili mwanga na hewa vishuke. Ukiubana udongo moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba cha kulala, utakuwa na chumba chenye harufu ya uvundo kila masika, na hakuna rangi ya kuzuia maji itakayokuokoa, kwa sababu maji yanasukuma kutoka nyuma.

Kwa makadirio ya juu juu, mchanga mkavu unausukuma ukuta wa mita 2 kwa tani 1.2 hivi kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Maji yakijaa nyuma, msukumo unafika tani 2.7. Ukuta wa mita 3 nao, ukiwa mkavu, unasukumwa tani hizohizo 2.7. Yaani ukuta wako mfupi uliokosa njia ya maji unabeba mzigo wa ukuta mrefu ambao hakuna aliyeukadiria. Kuta nyingi za kuzuia udongo huanguka kwa ajili hiyo, usiku wa mvua ya tatu au ya nne, wakati udongo umeshashiba.

Kwa hiyo nyuma ya ukuta weka kokoto safi upana wa milimita 300 kutoka chini hadi karibu na juu, zikitengwa na mchanga kwa kitambaa cha kuchuja. Kitambaa kikikosekana, mchanga wa Newala utaziba kokoto ndani ya misimu michache. Chini kabisa laza bomba lenye matundu la milimita 100, mteremko 1 kwa 100, litoke nje pande zote mbili za jengo. Juu ya usawa wa korido acha matundu ya milimita 75 kila baada ya mita 1.5. Juu ya ukuta, upande wa barabara, jenga mtaro wa zege wa kukatisha maji kabla hayajafika, kwa sababu barabara yenyewe itakuletea mengi kuliko kiwanja.

Ukuta uwe wa zege lenye nondo, kitako chake kikiwa na upana wa nusu hadi asilimia 70 ya urefu. Simama hapo siku ya kufunga nondo. Katika ukuta wa aina hii nondo kuu zinakaa upande wa udongo, kwa kuwa huko ndiko zege linakovutwa. Mafundi waliozoea kuta za kawaida huziweka katikati au upande wa korido kwa sababu ni rahisi kufikia, na ukuta unakuwa kama hauna nondo. Acha milimita 50 za zege kati ya nondo na udongo. Tofali za inchi 6, hata zikijazwa zege, hazizuii mita 2 za mchanga. Ukiogopa gharama, kata urefu: kuta mbili za mita 1 zilizotengana mita 2 au zaidi zinasukumwa kwa jumla nusu ya ukuta mmoja wa mita 2, kwa kuwa msukumo unafuata mraba wa urefu. Itabidi mgongo wa jengo usogee mbali na barabara kidogo na daraja lirefuke.

Fleti nane, wote mbele

Upana wa mita 24 toa mita 3 za ngazi, zinabaki 21, yaani vipande vitatu vya mita 7. Sakafu ya juu fleti tatu, ya kati tatu, ya chini mbili. Kipande cha tatu cha chini kiwe cha mita za umeme, pampu na stoo. Kila fleti ina mita 7 kwa 10, vyumba viwili vya kulala. Upande wa bonde weka sebule ya mita 3.8 na chumba kikuu cha mita 3, mbele yake baraza ya kina cha mita 1.8. Jiko, bafu na chumba cha pili vikae nyuma, kando ya korido ya wazi. Hapo hakuna fleti ya nyuma.

Jiko linahitaji uangalifu wa ziada. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, yaani kutoka mgongoni mwa jengo, na upepo huo ndio utakaopoza fleti: unaingia korido, unatoka barazani. Jiko likiwa nyuma bila ukuta wa kufika darini, upepo huohuo utapeleka moshi wa mkaa na harufu ya samaki sebuleni. Funga jiko hadi juu, lipe mlango wake wa koridoni na tundu la moshi lake. Koridoni penye upepo weka pia mahali pa jiko la mkaa, maana mpangaji atalitumia hata ukimwekea la gesi. Madirisha ya nyuma yafungike vizuri. Uwanda uko juu, na Juni na Julai jioni si za pwani.

Jambo la kuanika nguo wasanifu hulidharau. Usipotoa sehemu ya kuanikia, bonde la Ruvuma litaonekana kati ya shuka na kanga. Weka kamba za kudumu mwisho wa korido, upande wa kaskazini, ambako jua linafika miezi mingi ya kiangazi.

Jua la jioni

Mandhari yako iko magharibi, na magharibi ni upande mgumu kuliko pande zote. Newala iko karibu digrii 11 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, tarehe 20 Februari hivi na tarehe 21 Oktoba hivi, na Oktoba ni mwezi wa joto usio na mawingu ya kutosha. Siku hizo za Oktoba saa kumi alasiri jua liko digrii 31 hivi juu ya upeo, saa kumi na moja liko digrii 17 hivi. Ili paa peke yake likinge mlango wa mita 2.1 saa kumi, lingepaswa kujitokeza mita 3.5. Saa kumi na moja lingehitaji mita 7. Hakuna anayejenga hivyo. Baraza yako ya mita 1.8 inatosha hadi karibu saa tisa tu.

Huenda mtu akakushauri uigeuze kila sebule upande wa kusini, uso wa jengo uwe kama meno ya msumeno. Inapendeza kwenye picha. Lakini Oktoba jua linazama digrii 11 tu kusini mwa magharibi, hivyo ukigeuza hata digrii 45 unalipunguza kidogo tu, na unaongeza urefu wa kuta na kona za kuvuja. Ningeacha.

Kinachofanya kazi ni fremu za mbao zinazoteleza ukingoni mwa baraza, zenye vipande vilivyoinamishwa. Chukua mninga au mkongo, vipande vya upana wa milimita 70, viinamishe digrii 30 ukingo wa nje ukiwa chini, nafasi kati ya kimoja na kingine milimita 50. Fremu hiyo inazuia jua lote lililo juu ya digrii 14, yaani hadi baada ya saa kumi na moja. Na kwa kuwa bonde liko chini yako, jicho linateremka sambamba na vipande na kuliona. Hapa mteremko unakusaidia kwa mara ya pili, maana kwenye tambarare fremu kama hiyo ingekuonyesha vumbi la uani. Fremu mbili kwa kila sebule zinatosha, kila moja upana wa mita 1.2, zikae kwenye reli ya juu, na chini ziongozwe tu, zisibebwe, la sivyo mchanga utazikwamisha.

Kizuizi cha baraza ndicho kinachoharibu mandhari ya majengo mengi, na si rahisi kukigundua kwenye ramani. Mtu aliyeketi kwenye kochi ana jicho kimo cha mita 1.2 hivi. Mweke mita 2 ndani ya mlango, ongeza baraza ya 1.8, yuko mita 3.8 kutoka ukingo. Ukijenga ukuta wa tofali wa mita 1.1, anaweza kutazama chini kwa digrii 1 au 2 tu, kwa hiyo anaona mbingu na ncha za milima. Ukiweka vyuma vya kusimama, jicho linashuka hadi digrii 17 na bonde linaingia ndani. Vyuma viwe vya kusimama, kimo mita 1.1, nafasi zisizidi milimita 100. Vya kulala vinakuwa ngazi ya mtoto. Mlango wa sebule uwe wa kukunja au wa mabawa, si wa aluminiamu wa kuteleza, ambao hata ukifunguliwa wote unakupa nusu ya nafasi.

Maji ya bati na maji taka

Paa lako litakuwa na mita za mraba 400 hivi. Mvua ya kasi ya milimita 100 kwa saa inakuletea mita za ujazo 40 kwa saa, lita 11 kila sekunde. Maji hayo yakitoka kwenye bomba moja juu ya mchanga, umelianzisha korongo mwenyewe. Yakivunwa, ni mali. Newala watu wamezoea kuvuna maji ya bati, kwa kuwa ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni na si ya kutegemea kila siku. Ukikadiria milimita 900 kwa mwaka na kupoteza moja ya tano, unapata mita za ujazo 288. Watu 32 wakitumia lita 50 kila mmoja, ni lita 1,600 kwa siku, yaani siku 180. Huwezi kuyahifadhi yote, wala si lazima. Tangi la zege la mita za ujazo 60 linakupa zaidi ya mwezi bila bomba. Lichimbie udongo wa asili kando ya jengo. Lisikae juu ya ukuta wa kuzuia udongo, maana likijaa lina tani 60 bila uzito wake, na likivuja linalowesha palepale unapopaogopa. Bomba la kufurikia lipeleke maji hadi mtaro wa barabara ya chini au kwenye ngazi za mawe zilizojengwa kwa saruji, lisiishie hewani.

Maji taka yashuke kwenye zile mita 13 za chini: tangi la vyumba viwili la mita za ujazo 8 hadi 10, kisha mifereji ya kunyonya inayofuata kontua, isiyoteremka. Fanya jaribio la kunyonya kwanza. Mchanga hunyonya haraka, na hilo lenyewe ni tatizo kama chini yako kuna nyumba au chemchemi. Mifereji ikae mbali na misingi, na isikaribie ukuta wowote wa kuzuia udongo, wako au wa jirani. Mabomba yanayopita chini ya slabu yaning'inizwe yaonekane. Ule uwazi wa mita 1 mbele ni wa kazi hiyo, mtu aingie na tochi aone tone likianguka.

Mambo ya jirani wa chini na karatasi

Nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mji uangalie mchoro wa mipango miji: kiwanja kilicho chini yako kimepangiwa nini? Nyumba ya kawaida yenye kimo cha mita 5.5, ikiwa mita 25 chini ya jengo lako, haikusumbui, paa lake liko chini ya sakafu yako ya chini. Ikiwa na sakafu mbili, fleti zako mbili za chini zimepotea. Ikiwa tatu, na za kati pia. Kama inaruhusiwa kujenga hivyo, panga kodi ya fleti za chini bila kuhesabu mandhari.

Msanifu awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kibali cha ujenzi kitoke kabla ya kijiko cha kuchimbia kufika. Ukifikiria baadaye kuuza fleti mojamoja, mwambie msanifu sasa, kwa kuwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inataka sehemu ya kila mtu na ya wote zitenganishwe wazi.

Kalenda ya korosho

Minada huanza Oktoba, pesa inaingia Novemba na Desemba, na mwenye pesa anataka kuanza. Ndiyo maana misingi mingi ya huku huchimbwa mvua zikigonga hodi. Kwa kiwanja cha mteremko hilo ni kosa la gharama kubwa: mita 2 za mchanga uliokatwa wima, bila ukuta, Januari yote. Pesa ya msimu huu itumie kwa kontua, mashimo ya udongo, michoro, kibali, nondo na kokoto. Desemba jenga mtaro wa kukatisha maji upande wa barabara, kisha masika yote uangalie unavyofanya kazi. Utajifunza njia za maji kwa gharama ya saruji chache. Chimba Mei ikikatika mvua. Kata nyuma vipande vya mita 6 kwa 6, jenga ukuta wa kipande kimoja hadi zege likomae, ndipo ufungue kingine. Ukuta, kokoto zake na bomba lake viwe vimekwisha Septemba. Kuta za vyumba zinaweza kunyeshewa, mkato hauwezi.

Mikorosho iliyo chini ya jengo usiing'oe. Pogoa matawi ya chini hadi mita 3, uachie shina na mizizi. Mmoja ukiziba fleti ya chini kabisa, punguza taji lake baada ya mavuno. Sehemu zilizobaki wazi panda nyasi za vetiva kwa mistari inayofuata kontua, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mstari hadi mstari kwa kila mita 1 ya kushuka, wiki ya kwanza udongo ukishalowa vizuri. Miche iagize Oktoba, kwa sababu ikifika Januari mvua imeshachagua njia yake.